Rada za angani zinavyosoma Ziwa Albert, na kwa nini daftari ya koperative bado inahitajika



Tangu maji ya Ziwa Albert yalipopanda mwaka 2020, kuko swali moja linalorudi kila mara katika mikutano yetu: «Agronome, ile ramani ya mafuriko wanaitoa wapi, na hakuna mtu aliyekuja kupima?» Wengine wanauliza kwa uchungu zaidi: «Kama satelite inaona yote, mbona shamba yangu haiko kwenye ramani?»

Maswali haya si ya kupitisha muda. Siku hizi mashirika yanapopanga nani apewe mbegu na nani apewe majembe baada ya mafuriko, mara nyingi kazi inaanza na ramani iliyotokana na satelite. Mkulima ambaye shamba yake haikuonekana anaweza kubaki nje ya liste. Kwa hiyo inafaa tujue ramani hiyo inatengenezwa namna gani, inaona nini vizuri, na inakosea wapi. Mtu anayejua chombo kinavyofanya kazi anaweza kukisahihisha. Asiyejua anabaki kulalamika tu.

Iga Barrière iko mlimani. Ziwa linatuhusu nini?

Linatuhusu sana. Mahindi, maharagi na muhogo wetu vinashuka kupitia Bunia hadi Kasenyi na Tchomia. Samaki wa chumvi na wa moshi wanapanda kwa njia hiyo hiyo. Maji yakimeza kando ya ziwa, vinapotea pia viwanja vya kuanikia samaki na majiko ya kukaushia. Wavuvi wanahama kwenda sehemu ya juu, samaki wanapungua sokoni, na mteja wetu wa mahindi hana makuta ya kununua. Zaidi ya hapo, wengi kati yetu tuko na ndugu waliokimbia vita vya Djugu wakaenda kulima kule chini kando ya maji. Ziwa likipanda, watu hao wanahama mara ya pili.

Basi ziwa ni kama soko: hata kama hulali pale, habari zake zinakufikia.

Rada ni nini?

Simama juu ya kilima, upige kelele kuelekea kilima cha ng'ambo. Baada ya muda kidogo sauti inarudi. Ikirudi haraka, kilima kiko karibu. Ikichelewa, kiko mbali. Na kama ng'ambo kuna ukuta wa mwamba, mwangwi unakuwa mkali. Kama kuna majani laini tupu, unakuwa hafifu.

Rada inafanya vilevile, lakini haitumii sauti. Inatuma mawimbi ya redio yanayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kisha inasikiliza yanavyorudi. Kutoka katika mwangwi huo inapata habari mbili: muda wa safari, ambao unatoa umbali, na nguvu ya mwangwi, ambayo inaeleza kitu kilichopigwa ni cha namna gani, laini au chenye mikwaruzo, kikavu au chenye maji.

Kuna tofauti kubwa kati ya rada na picha ya kawaida. Picha ya kawaida inangoja mwanga wa jua. Usiku haioni kitu, na mawingu yakifunika inaona mawingu tu. Rada inakuja na taa yake yenyewe, na mawimbi yake yanapita ndani ya mawingu. Kwetu Ituri jambo hili lina maana sana, kwa sababu mafuriko yanakuja wakati wa mvua, na wakati wa mvua mbingu imefungwa. Picha ya kawaida inapatikana maji yakiisha kurudi. Rada inaona siku ile ile ya mawingu.

Ilianza baharini na kwenye barafu

Vyombo hivi havikutengenezwa kwa ajili ya maziwa yetu. Wa kwanza walikuwa watu wa bahari. Mwezi wa 6 mwaka 1978 Marekani ilirusha satelite iitwayo Seasat, na kazi yake ilikuwa kuchunguza bahari kwa rada. Iliishi siku 105 tu, umeme wake ukaharibika. Lakini siku hizo chache zilitosha kuonyesha kwamba kutoka angani mtu anaweza kuona mawimbi, upepo juu ya maji na barafu inayoelea.

Mwaka 1991 shirika la anga la Ulaya lilirusha ERS-1. Mwaka 1995 Kanada ilirusha Radarsat-1, na sababu yake kubwa ilikuwa barafu. Kule kaskazini mwa dunia bahari yenyewe inaganda, na wakati wa baridi jua halichomozi kwa majuma mengi. Meli ikienda gizani kati ya barafu inaweza kupasuka. Mnamo 1912 meli Titanic iligonga jiwe la barafu, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Miaka miwili baadaye nchi za bahari zilianzisha ulinzi wa pamoja wa kuangalia barafu katika Atlantiki. Kwanza walitumia meli, baadaye ndege, na sasa satelite zinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Rada inatambua hata umri wa barafu. Barafu mpya bado iko na chumvi nyingi ndani yake, na mawimbi ya rada hayaingii mbali. Barafu iliyopita majira ya joto imepoteza chumvi, imebaki na vipovu vya hewa, na vipovu hivyo vinarudisha mwangwi mkali zaidi. Nahodha akiangalia picha anajua wapi barafu ni nyembamba ya kupita na wapi ni ya zamani na ngumu. Tangu mwaka 2010 satelite ya CryoSat-2 inapima hata unene: inapima barafu imepita juu ya maji kwa kiasi gani, kisha wataalamu wanapiga hesabu ya sehemu iliyozama, ambayo ndiyo kubwa.

Nalieleza hili kwa sababu ndilo linalotupa imani. Chombo kinachoweza kutofautisha barafu na maji gizani, katikati ya dhoruba, kinaweza pia kutofautisha ziwa na shamba la Tchomia usiku wa mvua.

Kupima urefu wa maji kutoka juu

Kuna rada za aina mbili, na tusizichanganye.

Aina ya kwanza inaangalia chini moja kwa moja. Inatuma wimbi, inapokea mwangwi kutoka juu ya maji, inahesabu umbali. Satelite ya TOPEX/Poseidon, ya Marekani na Ufaransa, ilianza kazi hiyo mwaka 1992. Baada yake zilikuja Jason-1, Jason-2 na Jason-3, kisha Sentinel-6 iliyorushwa mwezi wa 11 mwaka 2020. Zinazunguka kwa urefu wa kilomita 1,336 na kurudi mahali pale pale kila siku 10 hivi. Wimbi linashuka na kurudi kwa muda mdogo sana, karibu sehemu 9 za sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Hata hivyo, juu ya bahari kipimo kinakosea kwa sentimita chache tu. Kwa njia hiyo tunajua kwamba kati ya 1993 na 2023 bahari za dunia zilipanda, kwa wastani, zaidi ya sentimita 9.

Satelite hizo zikipita juu ya ziwa kubwa, zinapima vilevile. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani iko na kazi ya kufuatilia maziwa ya dunia kwa rada, na Ufaransa iko na hifadhi ya vipimo iitwayo Hydroweb. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuona mstari wa ziwa ukipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Hakuna malipo.

Hapa niweke onyo moja. Ukisikia satelite inasema Ziwa Albert liko kwenye mita mia sita na kitu, hiyo ni urefu kutoka usawa wa bahari. Ukisikia kwenye redio kwamba Ziwa Victoria limefika mita 13.42, hicho ni kipimo cha nguzo ya Jinja, Uganda. Si kina cha ziwa, wala si urefu kutoka baharini. Namba hizi mbili hazilinganishwi. Cha kufuata ni mabadiliko: limepanda sentimita ngapi tangu mwezi uliopita? Limepita ile alama ya 2020 au bado?

Na sentimita moja si kitu kidogo. Ziwa Albert lina eneo la kilomita za mraba 5,300 hivi. Sentimita moja juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 53 za maji. Mita moja ni bilioni 5 na zaidi. Maji ya namna hiyo hayawezi kuondoka kwa juma moja. Yakishaingia shambani, usingoje yatoke kabla ya kupanda msimu B. Tafuta shamba lingine.

Kutoka Bahari ya Hindi hadi Kasenyi

Mwisho wa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakapoa. Jambo hili linatokea mara kwa mara, lakini la mwaka huo lilikuwa kati ya makali zaidi yaliyowahi kupimwa. Maji yenye joto yanavimba, kwa hiyo uso wa bahari unapanda, na rada zinazoangalia chini zinaona huo mwinuko. Bahari yenye joto inatoa mvuke mwingi, na upepo unauleta bara. Mvua za mwezi wa 10 hadi wa 12 mwaka 2019 zilikuwa nyingi kupita kiasi katika Afrika Mashariki, na mvua za mwanzo wa 2020 zikaongezea.

Mwezi wa 5 mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye nguzo ya Jinja, likapita kidogo rekodi ya 1964. Uganda ilifungua maji mengi zaidi kwenye mabwawa ya Jinja. Maji hayo yanateremka na Nile, yanapita Ziwa Kyoga, yanaanguka Murchison, kisha yanaingia Ziwa Albert upande wa kaskazini. Wakati huo huo mto Semliki unaleta maji kutoka kusini, na mito ya milima yetu ya Djugu inashuka kutoka magharibi. Yote yanakutana katika ziwa moja, na mlango wa kutokea ni mmoja. Mwaka 2020 maji yaliingia vijiji vya kando pande zote mbili, Kongo na Uganda.

Si mara ya kwanza. Wazee wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1960, ziwa lilipopanda na kuharibu bandari ya Butiaba ng'ambo ile. Mwaka 1997 na 1998, wakati wa El Niño, maziwa ya Afrika Mashariki yalipanda tena. Na mwaka 2024 ndugu zetu wa Uvira na Kalemie waliona Ziwa Tanganyika likiingia ndani ya nyumba zao.

Kwa mkulima, faida ya mlolongo huu ni muda. Bahari inabadilika kwanza, mvua zinafuata, Ziwa Victoria linapanda, kisha Ziwa Albert. Kati ya hatua moja na nyingine kunapita majuma, pengine miezi. Hakuna anayeweza kukuambia tarehe maji yatakapofika mlangoni. Lakini ukisikia Bahari ya Hindi imepata joto upande wetu na Ziwa Victoria linapanda, usichukue mkopo wa kupanda mahindi kwenye bonde la chini kando ya ziwa. Habari hiyo peke yake inaweza kuokoa mtaji wa koperative nzima.

Rada inayochora mafuriko

Aina ya pili ya rada inaangalia ubavuni. Inatuma mawimbi kwa mshazari na kutengeneza picha ya nchi. Inayotumika zaidi kwetu ni Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa mwezi wa 4 mwaka 2014. Inazunguka kwa kilomita 693 hivi juu yetu, na picha zake ni za bure kwa watu wote.

Picha yenyewe haina rangi za kawaida. Ni nyeusi, ya kijivu na nyeupe. Namna ya kuisoma ni hii:

Maji yaliyotulia yanaonekana meusi. Uso wake ni kama kioo: wimbi linalokuja kwa mshazari linaruka kwenda upande wa pili, halirudi kwa satelite. Bila mwangwi, mahali panabaki peusi.

Shamba na majani yanaonekana ya kijivu. Majani na udongo wenye mabonge vinatawanya wimbi kila upande, na sehemu yake inarudi. Udongo ulionyeshewa unarudisha zaidi kuliko mkavu.

Nyumba, mabati na kuta vinaonekana vyeupe. Wimbi linapiga chini, linapiga ukuta, linarudi lote kule lilikotoka.

Kutengeneza ramani ya mafuriko, wataalamu wanachukua picha ya kabla na picha ya sasa. Pale palipokuwa pa kijivu na sasa ni peusi, maji yameingia. Kazi hiyo inaweza kufanyika bila mtu kukanyaga kando ya ziwa. Katika jimbo ambapo mara nyingi barabara haipitiki kwa sababu ya usalama, na mtu wa kusoma nguzo ya maji amekimbia na familia yake, hilo si jambo dogo.

Pale rada inakosea

Sasa tufike kwenye lile swali la pili: «Mbona shamba yangu haiko?»

Sababu ya kwanza ni mahindi yenyewe. Tuseme maji yameingia shambani lakini mahindi bado yamesimama. Wimbi linapiga maji, linaruka, linapiga bua la mahindi, linarudi kwa satelite. Badala ya kuwa peusi, mahali pale panaweza kuwa peupe kuliko mwanzo. Anayetafuta weusi peke yake atasema: hapa hakuna mafuriko. Hivyo mkulima aliyepoteza mahindi ya magoti au ya kifua anakosekana, na yule ambaye shamba lake lilikuwa tupu anaonekana vizuri. Mafunjo na magugu ya maji yanaleta shida hiyo hiyo. Rada za mawimbi marefu zaidi, ya sentimita 24 hivi, zinapenya majani vizuri kuliko Sentinel-1 ambayo wimbi lake ni la sentimita 5 na nusu. Japani ilikuwa nayo kwenye ALOS ya mwaka 2006, na India pamoja na Marekani walirusha yao, NISAR, mwezi wa 7 mwaka 2025.

Sababu ya pili ni siku. Satelite moja ya Sentinel-1 inarudi kwenye njia yake ile ile baada ya siku 12. Zikiwa mbili, siku 6. Mwezi wa 12 mwaka 2021 ya pili iliharibika, na mwenzake mpya, Sentinel-1C, alirushwa mwezi wa 12 mwaka 2024 tu. Mto ukifurika Jumatatu na kushuka Jumatano, satelite inaweza isipite kabisa. Ziwa likipanda linakaa miezi, kwa hiyo linaonekana. Mafuriko ya mto mdogo wa mlimani hayaonekani, ingawa yanabeba maharagi yote.

Sababu ya tatu ni milima. Rada inaangalia ubavuni, kwa hiyo mteremko unaoielekea unakuwa mweupe sana, na upande wa nyuma unakuwa kivuli cheusi. Kwenye milima ya Djugu kivuli hicho kinaweza kudhaniwa ni maji. Watengeneza ramani wanajua hili na wanafuta sehemu za mteremko mkali. Lakini wakifuta, wanaweza kufuta pia bonde jembamba lenye mashamba ya kweli.

Sababu ya nne ni upepo. Upepo mkali ukikwaruza uso wa ziwa, maji hayawi tena kioo. Yanarudisha mwangwi na kufanana na nchi kavu.

Ya tano ni udogo wa mashamba yetu. Alama moja katika picha ya Sentinel-1 inafunika mita 10 kwa 10, na kwa kweli habari yake inachanganya eneo kubwa zaidi. Shamba la mita 20 kwa 30 ni alama chache tu. Haitoshi kusema kwa uhakika: hili limekufa, hili limepona.

Kwa hiyo ramani isiyoonyesha shamba lako haisemi kwamba unadanganya. Inasema tu kwamba mwangwi wa siku ile haukutosha. Na shirika lililo makini linapaswa kukubali ushahidi mwingine. Tatizo ni kwamba mara nyingi ushahidi mwingine hakuna, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mambo mawili ambayo watu wanauliza

«Je, satelite hii inatupeleleza?» Hapana. Sentinel-1 haiwezi kuona mtu, wala ng'ombe mmoja, wala sura ya mtu. Inaona vitu vikubwa: ziwa, msitu, mji, shamba pana. Kuko satelite nyingine zenye macho makali zaidi, lakini ramani za mafuriko tunazozungumzia hapa hazizihitaji.

«Inaweza kuona mafuta ndani ya ziwa?» Mara nyingi ndiyo. Mafuta yanatuliza vijiwimbi vya upepo, na mahali pale panakuwa peusi katikati ya maji ya kijivu. Baharini njia hii inatumika kila siku kushika meli zinazomwaga uchafu. Kwetu jambo hili linahusu, kwa sababu ng'ambo ya Uganda kazi za mafuta za Tilenga na Kingfisher ziko kandokando ya ziwa hili hili. Lakini doa jeusi peke yake si ushahidi wa kumshitaki mtu. Maji yasiyo na upepo yanakuwa meusi pia, na chini ya ardhi ya bonde hili kuna mafuta yanayovuja yenyewe, yaliyojulikana tangu miaka ya 1920. Doa linaonyesha mahali pa kwenda kuchukua maji ya kupima.

Kazi ya koperative

Satelite inaona upana, mtu wa pale anaona kweli ya mahali. Vyote viwili vikiwekwa pamoja, liste inakuwa ya haki. Tunapendekeza mambo haya, na hakuna hata moja linalohitaji makuta mengi.

1. Wenzetu wa kando ya ziwa wasimamishe nguzo ya kupima: mti mgumu au bomba la chuma, lenye alama kila sentimita 5, mahali ambapo mitumbwi haigongi. Mtu mmoja aisome kila asubuhi saa ile ile kabla upepo haujaamka, aandike. Ikibidi kuhamisha nguzo, aandike tarehe na alama ya mwisho, vinginevyo vipimo vya zamani vinapoteza maana.

2. Pimeni mteremko. Ardhi ikipanda mita 1 kwa kila hatua ya mita 50, ziwa likiongezeka mita 1 linameza mita 50 za shamba. Ikipanda mita 1 kwa kila mita 200, linameza mita 200. Kandokando iliyo bapa ndiyo inayopotea kwanza, hata kama ina udongo mzuri kuliko yote.

3. Wekeni alama ya 2020. Mahali maji yalipofika mwaka ule, pandeni mti au chimbieni jiwe kubwa, mbele ya wazee na chefu wa kijiji. Gala ya koperative, mbegu na mashine ya kusaga vikae juu ya alama hiyo daima.

4. Shamba likiingiliwa na maji, siku ile ile andikeni mambo matano: jina la mwenye shamba, zao na umri wake, ukubwa kwa hatua, tarehe maji yalipoingia, na tarehe yalipotoka. Andikeni pia kama mimea ilikuwa imesimama ndani ya maji. Mstari huo mmoja unaweza kueleza kwa nini rada haikuona.

5. Mwenye telefone achukue pwenti ya GPS katikati ya shamba, si pembeni wala barabarani. Kama hakuna telefone, chora ramani ndogo yenye njia, mto na kanisa au shule ya karibu.

6. Shirika likileta ramani, liulizeni maswali manne: Picha ni ya tarehe gani? Mlilinganisha na picha ya tarehe gani? Mimea iliyosimama ndani ya maji mliitafuta namna gani? Sehemu za milima mlizifuta wapi? Fundi wa kweli atajibu bila kukasirika.

7. Msitumie picha ya rada kugawanya ardhi. Kuna watu wanataka kusema: «Satelite inaonyesha hapa palikuwa ziwa, basi si pako.» Kumbukumbu za Sentinel-1 tangu 2014 zinaweza kuonyesha lini mahali palikuwa chini ya maji. Haziwezi kusema mwenye mahali ni nani. Mambo hayo ni ya wazee, chefu na tribinali, na maji yakirudi nyuma yasigeuke kuwa sababu mpya ya ugomvi kati ya jirani na jirani. Tumeisha kuwa na ugomvi wa kutosha.

Kwa sisi wa Iga Barrière, tusio na ziwa mlangoni, kazi ni nyepesi zaidi: kila mwisho wa mwezi sekretere wa koperative apige simu kwa mwenzake wa Kasenyi au Tchomia, aulize nguzo inasoma ngapi, aandike namba hiyo karibu na bei ya mahindi na bei ya samaki. Baada ya misimu michache mtaona wenyewe namna bei hizo zinavyofuata maji. Agronome wa eneo lenu atawaletea mstari wa satelite wa ziwa kabla ya msimu A na kabla ya msimu B, ili vipimo viwili vilinganishwe mezani. Pale vinapokubaliana, amueni bila woga. Pale vinapopingana, msitupe cha kwenu. Kipelekeni, mkionyeshe, muulize kwa nini.